Usiulize Imetembea Kilomita Ngapi, Uliza Imekaa Miaka Mingapi

(Haya ni maongezi niliyoyatoa mbele ya wapenda magari na mafundi, nimeyaandika karibu yote kama nilivyoyasema.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu na mafundi wenzangu habari zenu, na nyie mliokuja kwa sababu tu mnapenda mlio wa injini karibuni sana.

Nimeombwa niongelee kutunza na kutengeneza gari ya spoti ya zamani, na mi gari ninayoijua kwa mikono yangu mwenyewe ni Porsche 944 Turbo, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka huko, ila mwenye gari yoyote yenye nguvu ya miaka ya 80 au 90 atajikuta humuhumu maana vinavyozeeka ni vilevile.

Kila anayekuja kuiangalia anauliza kwanza imetembea ngapi. Hata mi siku naenda kuinunua ndo swali nililouliza. Mita ilikuwa inasoma kidogo sana kwa umri wa gari, ilikuwa imekaa ndani miaka imefunikwa turubai, rangi inang'aa, viti havina mchubuko, nikajiambia hapa nimeokota dhahabu. Wiki ya tatu niko gia ya pili nimekanyaga mafuta, injini ikazima hapohapo. Haikupiga kelele ya kutisha wala haikutoa moshi. Nikapiga stata ikazunguka laini mno, kwa kasi kuliko kawaida, yani kama mtu anayezungusha kitu kitupu. Naona mafundi mnatikisa vichwa, mmeshajua. Mkanda wa taiming, ule unaoifanya kamshafti inayofungua valvu izunguke sawasawa na krenki inayozungushwa na pistoni, ulikuwa umekatika, kamshafti imesimama wakati pistoni bado zinapanda, pistoni zikazigonga valvu, valvu zikapinda, na silinda isiyofunga haina kompresheni, yani haibani upepo, ndo maana stata ilizunguka kirahisi vile.

Ule mkanda ulikuwa haujafika hata nusu ya kilomita zake. Ulizeeka tu. Nilijua unatakiwa kubadilishwa nikasema nitaufanya mwezi ujao, acha kwanza niifurahie gari.

Ndo maana leo nataka tukubaliane jambo moja tu, na mengine yote yatatoka humo. Gari ya zamani yenye nguvu inaliwa na miaka na joto kuliko inavyoliwa na barabara. Chuma cha gari hizi kilitengenezwa vizuri sana, krenki na giaboksi nyingi zinaweza kukuzika wewe, lakini kati ya chuma na chuma kuna mpira, kuna sili za kuzuia mafuta yasivuje, kuna bushi, kuna plastiki ya soketi za waya, na hivyo vinakauka hata gari ikiwa imelala. Tena gari iliyolala inazeeka vibaya kuliko inayotembea, maana sili ikikosa mafuta inakauka na kukakamaa, breki zinashika kutu ndani, petroli inageuka gundi kwenye nozeli.

Turudi kwenye mkanda kwa sababu hapo ndo pana pesa na machozi. 944 zilitengenezwa kuanzia 1982 mpaka 1991, Turbo ikaingia 1985 na injini ya silinda 4, lita 2.5, nguvu za farasi 220, halafu 1988 ikaja Turbo S yenye 250. Silinda 4 kubwa namna ile zinatikisika, kwa hiyo wakaweka shafti mbili za kutuliza mtikisiko ambazo zinazunguka mara mbili ya kasi ya krenki. Maana yake mbele ya injini kuna mikanda miwili, wa taiming na wa zile shafti. Watu wengi wanaangalia wa taiming tu, wanasema huu mwingine hata ukikatika injini haifi. Jamani. Ule mdogo ukikatika vipande vyake vinaweza kuingia kwenye mkubwa na kuuondoa njiani, na hapo umerudi kwenye hadithi yangu ya valvu. Badilisha yote miwili pamoja.

Na ukishafungua mbele usibadilishe mikanda peke yake ukafunga. Wota pampu ya gari ile inazungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo pampu ikijamu au beringi yake ikianza kucheza inauchukua mkanda mpya na kila kitu. Badilisha pampu, badilisha rola zote, badilisha oili sili za mbele za krenki, kamshafti na zile shafti, kwa sababu mafuta yakidondokea kwenye mkanda yanaulainisha na kuuoza. Kazi ni ileile ya kufungua, spea ndo zinaongezeka. Alafu kuna kukaza. Mkanda ukiulegeza unaruka meno, ukiubana sana unalia na kuua beringi za pampu, na kiwanda kilikuwa na kifaa chake cha kupimia mkazo kinaitwa P9201, wapo mafundi wanaopima kwa kuukunja kwa vidole na wamefanya hivyo miaka mingi, siwabishii, ila wewe unayefanya mara ya kwanza tafuta kifaa. Na ukishafunga hujamaliza, mkanda mpya unanyooka kidogo, unarudi kuupima baada ya kama kilomita 3,000. Hiyo safari ya pili ndo inayosahaulika. Mi sasa hivi miaka minne ikifika nabadilisha, iwe imetembea au imelala.

Sasa kabla hatujafika kwenye raha za turbo na mlio, kuna vitu vitatu ambavyo mi nikipewa gari ya zamani siiendeshi mpaka nimevimaliza. Mipira ya petroli, breki na tairi. Sababu ni rahisi, mkanda ukikatika unaua injini ila hivi vinaua mtu.

Mipira ya petroli kwanza. Kwenye gari ya injeksheni petroli inakaa kwenye presha muda wote injini ikiwaka, na mipira yenyewe inapita juu ya injini yenye joto, na humohumo kuna turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume upepo mwingi ndani, ambayo moshi unaoingia humo unaweza kufika digrii 900. Mpira wa miaka 30 kwa nje unaweza kuonekana mzima kabisa, we ukunje kidogo utaona mistari midogomidogo ya nyufa, na petroli za siku hizi zenye ethanoli zinakausha mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Gari nyingi nzuri zimeungua hivi, mwenye gari ananusa petroli asubuhi anasema ni harufu ya kawaida ya gari ya zamani. Hakuna harufu ya kawaida ya petroli! Ukiinusa zima, fungua boneti, tafuta. Na ununue mipira inayoandikwa kwamba ni ya injeksheni, usichukue ile ya kabureta, haihimili presha.

Breki. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, hata gari ikiwa imepaki yanavuta. DOT 4, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa isichemke chini ya digrii 230, ikishashiba maji kiwango kinashuka mpaka 155. Sasa fikiria unashuka mlima na gari yenye nguvu 220, diski zimekuwa nyekundu, mafuta yakachemka ndani ya kalipa, kile kinachobana pedi kwenye diski, ukikanyaga pedali inaenda mpaka chini kwenye kapeti. Miaka miwili badilisha, ni kazi ya saa moja na chupa moja, sioni sababu ya mtu kuiruka. Kwenye zile kalipa za alumini za pistoni 4 kuna ugonjwa mwingine wa uzee ambao nimeuona kwa macho yangu: kuna bamba nyembamba za chuma ambapo pedi inateleza, alumini iliyo chini yake inaota unga mweupe, unga unainyanyua bamba, bamba inaibana pedi, pedi hairudi. Dereva anasema gari nzito leo, rimu moja ina joto kuliko nyingine. Watu wanabadilisha pedi mara tatu bila kujua kwamba dawa ni kufungua zile skrubu, kukwangua ule unga mpaka alumini safi, kupaka kinga na kurudisha bamba. Skrubu zenyewe zimeshika, usizilazimishe, zipashe joto kwanza.

Tairi sitakaa sana. Ubavuni pana namba nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Gari iliyofunikwa turubai inakuwa na tairi zenye kashata nzuri ajabu na mpira mgumu kama ubao. Toa. Na ukirudisha rimu tumia torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, kwenye gari ile nati za alumini zinakazwa 130 Nm, ile bunduki ya upepo iacheni kwa malori.

Haya, injini. Ukiwa na gari ya turbo ya zamani jifunze kusoma maji na mafuta kila wiki, usisubiri taa. Kwenye 944 kuna kifaa cha kupoza oili kilichofungwa ubavuni mwa injini, ndani maji na mafuta vinapita jirani, vinatenganishwa na sili za mpira. Zikichoka, kwa sababu presha ya mafuta ni kubwa kuliko ya maji, mafuta yanasukumwa kwenye maji, ukifungua mfuniko wa tanki la kulanti, yani maji ya kupoza injini, unakuta uji mzito wa rangi ya kahawia umeganda. Mtu akiona hivyo anasema gasketi ya silinda hedi imekufa, anafungua hedi nzima, anafunga, uji unarudi. Pima kwanza. Pima kompresheni, pima kama silinda inavuja kwa kuingiza upepo na kusikiliza unatokea wapi, kwenye eksozi, kwenye inteki, kwenye mfuniko wa oili au mapovu kwenye rejeta. Gari inakwambia yenyewe. Mi naamini nusu ya pesa zinazopotea kwenye hizi gari zinapotea kwa kubadilisha kitu ambacho hakijapimwa.

Na blok ya injini ile ni alumini yenye silikoni ndani yake, silinda hazina slivu ya chuma, yani bomba la kuvalishwa ndani, pistoni inateleza moja kwa moja kwenye ukuta uliotibiwa kuacha chembe za silikoni juu. Kwa hiyo fundi anayezoea blok za chuma asije na mashine ya kukwangua silinda kama kawaida, ataiharibu. Tafuta mtu anayejua aina hiyo ya blok au usiifungue kabisa. Injini hizi pia zinajulikana kwa konrodi namba 2, chuma kinachounganisha pistoni ya pili na krenki, ukikata kona ndefu kwa kasi na mafuta yako yako chini ya alama, oili inakimbilia upande mmoja, beringi ya konrodi ya pili inakosa oili, inaanza kugonga. Mtu anayeenda kukimbiza gari kwenye uwanja wa mashindano aangalie oili kabla ya kila awamu ya kukimbia, ajaze mpaka alama ya juu.

Turbo yenyewe haitaki makuu. Oili safi, usiikanyage kabla haijapata joto, na ukitoka kukimbia iache ipumue, dakika mbili tatu za mwisho endesha taratibu. Kwenye 944 Turbo kuna pampu ndogo ya umeme inayoendelea kuzungusha maji kwenye turbo baada ya kuzima swichi. Ukizima gari ikiwa ya moto sana simama kimya usikilize, utasikia inanguruma kidogo. Husikii kitu? Basi kagua, maana oili iliyobaki kwenye beringi za turbo inaungua na kuwa mkaa, na mkaa huo ndo unaoziba njia ya oili ya kesho.

Umeme. Hapa naomba mnisikilize wadogo zangu kwa sababu hapa ndo watu wanakata tamaa na kuuza gari. Gari inawaka asubuhi vizuri, inatembea nusu saa, inazima katikati ya barabara, ukikaa dakika ishirini inawaka tena. Nilipambana na hiyo kitu kwenye gari yangu karibu miezi miwili. Nikabadilisha pampu ya petroli, nikabadilisha filta, nikaanza kuangalia kompyuta ya injini. Mwisho nikafungua relei moja, swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, wenye hizi gari wanaiita relei ya DME, ndo inayopeleka umeme kwenye kompyuta na kwenye pampu ya petroli, nikaiangalia kwa lenzi: risasi ya kuchomelea iliyoshika pini ina ufa wa duara mwembamba kama unywele. Ikipata joto ufa unafunguka, ikipoa unafunga. Nikayeyusha risasi upya, gari ikapona. Tangu siku hiyo natembea na relei ya akiba kwenye droo ya dashibodi, na kila niliyemuona anamiliki gari ile namwambia afanye hivyo.

Nyingine ni sensa mbili zinazokaa juu ya flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya krenki, moja inasoma kasi nyingine inasoma krenki ipo wapi. Soketi zake ziko nyuma ya injini kwenye joto, plastiki inakuwa kavu kiasi kwamba ukiigusa inavunjika mkononi. Usivute waya, ipashe kidogo, itoe polepole, na uwe na soketi mpya pembeni kabla hujaanza. Na ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, jamani ethi! Chukua mita, weka kwenye volti, waya mmoja kwenye negativi ya betri mwingine kwenye blok ya injini, mwenzio apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti umeme unapotea njiani, kuna nati ina kutu. Safisha sehemu zote za ethi kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Ni kazi ya jumamosi moja na inaondoa mashetani mengi sana.

Kuna aliyeniuliza kabla sijapanda hapa, klachi je. Kwenye 944 giaboksi iko nyuma, injini mbele, katikati kuna bomba refu lenye shafti ndani yake, ndo maana gari inakaa sawa kwenye kona maana uzito umegawana karibu nusu kwa nusu. Bei ya hiyo raha unailipa siku ya klachi: unashusha eksozi, unashusha giaboksi, unarudisha bomba nyuma, ndo unaifikia. Klachi ya awali ya modeli nyingi ilikuwa na mpira katikati wa kutuliza mishtuko, na mpira huo, mnajua tena, unazeeka na kumeguka vipande. Ukifika huko weka klachi yenye springi, badilisha sili ya nyuma ya krenki, badilisha zile sensa, sikiliza beringi za ndani ya bomba. Usifungue njia ndefu namna hiyo kwa ajili ya kitu kimoja. Na weka stendi imara chini ya gari, gari ikiwa kwenye jeki peke yake usiingize hata mkono, hilo silisemi kwa kupamba.

La mwisho linanigusa sana. Vijana wengi wakipata gari ya turbo ya zamani kitu cha kwanza wanachonunua ni cha kuongeza presha ya turbo. Naelewa, hata mi damu ilikuwa inachemka hivyo. Lakini presha ikiongezeka, mpira wa upepo uliochoka unapasuka, uvujaji mdogo unakuwa mkubwa, na petroli isipotosha kwa ule upepo ulioongezeka pistoni inayeyuka. Fanya gari iwe kamili kama ilivyotoka kiwandani, kila mpira, kila bushi, kila bol jointi, shokapu nne mpya, halafu iendeshe mwaka mmoja. Wengi waliofanya hivyo niliokutana nao hawakuongeza kitu tena, waligundua kwamba walikuwa hawajawahi kuiendesha gari yenyewe, walikuwa wanaendesha uchovu wake.

Na muwe na daftari. Tarehe, kilomita, nini kimebadilishwa, oili gani, nati ilikazwa kiasi gani. Daftari la gari yangu la kwanza lina ukurasa mmoja tu unaosema mkanda umekatika. La sasa limejaa, na kwenye ukurasa wa leo pameandikwa kupima mkazo wa mkanda, kwa sababu nimefunga mpya majuzi na zile kilomita 3,000 zimetimia nikiwa njiani kuja hapa.

Kwa hiyo gari iko pale nje, injini inapoa na boneti iko wazi, mkanda huu unapimwa injini ikiwa ya baridi. Kifaa cha kupimia kiko kwenye siti. Anayetaka kujifunza kwa mkono wake aje, ila akunje mikono ya shati na avue pete kwanza.